Programu yangu ya kutuma SMS kwa kompyuta iliwaalika watu wachote maji yenye sumu

Wakuu, poleni na kazi za siku nzima.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, huku kwetu upande wa Kapkatet. Majina nimebadilisha kwa heshima ya wenyewe. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, hata yale ya kuniaibisha. Naandika kwa sababu najua humu kuna vijana wengi wanaojifunza programming, na sitaki hata mmoja wenu apitie asubuhi kama ile.

Nitaeleza polepole. Usijali kama hujui kompyuta, utaelewa tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina duka dogo la kuprint na kurekebisha laptop. Pia ni katibu wa mradi wetu wa maji, kazi ya kujitolea. Tuna chemchemi bondeni, pampu inasukuma maji hadi tangi lililo juu ya kilima, na kutoka hapo yanateremka kwa mabomba mpaka kwenye mifereji, yaani koki za kuchotea, za nyumba 214.

Maji hayatoki kila siku. Zamani ilibidi mlinzi wa pampu, mzee Kimeli, apige simu kwa watu wachache, nao wapigie wengine. Nusu ya wanachama walikuwa wanajua maji yamekuja wakati yameshakwisha.

Nikasema, ngoja nisaidie.

Nikatengeneza programu ya desktop. Sio kitu kikubwa. Unachomeka modemu yenye SIM kadi kwenye kompyuta, unafungua dirisha, unaandika ujumbe, unabonyeza kitufe cha TUMA. Programu inachukua orodha ya majina, A mpaka Z, na kumtumia kila mtu SMS moja baada ya nyingine. Niliweka isubiri sekunde sita kati ya mtu na mtu, kwa sababu ukituma kwa fujo kampuni ya simu inaweza kukufungia laini. Chini nikaweka sehemu ya kuonyesha majibu ya watu.

Kwa wale wasiotoka huku: majina yetu mengi ya wanawake yanaanza na Che, na ya wanaume yanaanza na Ki. Kwa hivyo orodha ikienda kwa alfabeti, akina mama wanapata habari kwanza, wanaume wanafuata, na majirani zetu waliotoka upande wa ziwa, wenye majina ya O, wanakuja karibu na mwisho. Otieno, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, alikuwa akinitania kila mara.

"Katibu, mimi nikipata SMS yako, bibi yangu ameshafua, ameanika, na nguo zimekauka."

Watu waliipenda. Nilijisikia mtu wa maana.

Sasa sikilizeni makosa mawili. Yote mawili ni yangu.

Kosa la kwanza lilikuja kwa njia ya heshima. Mwenyekiti wetu ni mzee anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Alipoona SMS ya kwanza imeandikwa tu "Maji yapo", aliniita kando.

"Kijana, huwezi kuingia kwa boma la mtu uanze kuongea bila kusalimia. Kwa nini unaingia kwa simu yake hivyo?"

Nikaona ana haki. Huku salamu si mapambo. Mtu asiyesalimia anaonekana amekuja kwa shari. Basi nikaandika salamu ndani ya code yenyewe, yale maagizo yanayoendesha programu, ili kila ujumbe uanze nayo bila mimi kuiandika tena:

"Bwana asifiwe. Mwenyekiti na kamati ya maji wanawasalimu nyote wapendwa pamoja na familia zenu. Mungu awabariki."

Mwenyekiti alifurahi sana.

Kosa la pili ni la fundi mvivu. SMS moja inabeba herufi 160, pamoja na nafasi. Siku moja niliandika ujumbe mrefu, modemu ikagoma. Badala ya kujifunza namna ya kugawanya ujumbe vipande viwili, niliongeza mstari mmoja kwenye code: kama ujumbe umezidi herufi 160, kata zilizobaki. Modemu ikaacha kugoma. Nikasahau kabisa kwamba mstari huo upo.

Hesabuni hiyo salamu. Pamoja na nafasi ya mwisho ni herufi 113. Zinabaki 47.

Miezi ikapita bila shida, kwa sababu ujumbe wetu ulikuwa mfupi. "Maji yatafunguliwa kesho saa moja." Inaenea.

Basi ikafika siku yenyewe, Jumamosi.

Ofisi yetu ya mradi ni chumba kimoja kando ya kituo cha kununua majani ya chai. Saa tatu na dakika kumi hivi nilikuwa nimekaa kwa kompyuta. Nje watu walikuwa wanashusha magunia ya majani wakingojea lori.

Mzee Kimeli akaingia. Alikuwa amekimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Mkononi alikuwa ameshika chupa tupu, ameifunga kwa karatasi ya nailoni. Harufu ilijaza chumba. Ukifuga ng'ombe huwezi kukosea harufu ile. Dawa ya kupe.

"Nimeipata kwa chemchemi," akasema. "Mtu ameosha pampu ya mgongoni ya kupulizia ng'ombe dawa pale pale tunapovuta maji. Maji ni meupe kama maziwa."

"Umefungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Sikuangalia chemchemi. Nimeteremka sasa hivi ndiyo nimeona."

"Na tangi?"

"Nimefunga koki kubwa. Lakini mabomba yamejaa, katibu. Wengine wameshachota."

Wakuu, nilihesabu kichwani. Nyumba 214. Saa tatu asubuhi, watu wametoka kukamua, wanapika chai, wanapikia watoto uji.

Lakini nilijiambia, tulia, una chombo. Hii ndiyo siku programu ilitengenezewa. Nikaandika haraka:

"Tunawajulisha maji yamefunguliwa leo asubuhi na yameingia dawa ya kupe. Msinywe wala msipikie. Mwageni."

TUMA.

Namba zikaanza kupanda. 1 kwa 214. 2 kwa 214. Nikamwacha Kimeli akitazama skrini, nikatoka nje kumpigia mwenyekiti. Nikampigia pia daktari mmoja tunayefahamiana naye. Akaniambia aliyekunywa akisikia kizunguzungu, mate mengi au kutapika, aletwe hospitali bila kungoja. Simu hizo mbili zilichukua kama dakika kumi na mbili.

Niliporudi, Kimeli alikuwa anatabasamu kidogo.

"Wameanza kujibu," akasema. Yeye hasomi sana bila miwani. Aliona tu mistari inaongezeka.

Nikainama kusoma.

"Amen."

"Amen mwenyekiti, ubarikiwe."

"Asante kwa kutujulisha."

Nikapumua. Halafu nikasoma inayofuata. Ilitoka kwa Cherotich, mama mmoja anayekaa ng'ambo ya bonde:

"Asante sana kamati. Maji yamekuja saa nzuri leo tuko na koito. Tumejaza madramu yote."

Niliisoma mara tatu. Nilidhani amekosea.

Kisha nikachukua simu yangu mwenyewe, kwa sababu hata mimi niko kwenye orodha hiyo. Nikafungua ujumbe wa kamati. Nawaandikia hapa vile ulivyokuwa, mpaka herufi ya mwisho:

"Bwana asifiwe. Mwenyekiti na kamati ya maji wanawasalimu nyote wapendwa pamoja na familia zenu. Mungu awabariki. Tunawajulisha maji yamefunguliwa leo asubuhi na"

Basi. Imeishia hapo. "Na."

Mimi, katibu, nilikuwa nimewaambia watu maji yapo. Waliokuwa shambani na hawakujua maji yametoka, sasa walijua. Walikuwa wanateremsha magunia mgongoni na kukimbilia mifereji wachote kabla hayajakwisha, kama nilivyowazoesha.

Skrini ilisema 126 kwa 214, na bado inaendelea. Nikaisimamisha.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Salamu ilikuwa ndani ya code, kwa hivyo sikuweza kuifuta kwa dirisha la kawaida. Nikafungua code, nikafuta mstari wa salamu, vidole vikikosea kila herufi. Nikaandika ujumbe mpya:

"MSINYWE MAJI YA MFEREJI. YANA SUMU. MWAGENI YOTE. MWAMBIENI JIRANI."

Hapa nikaongeza kosa la tatu. Niliona sekunde sita ni nyingi, watu 214 watachukua zaidi ya dakika ishirini. Nikapunguza ikawa sekunde moja. TUMA.

Ikakimbia vizuri. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Ilipofika 58 ikasimama. Nikajaribu tena. Imekataa. Laini ilikuwa imefungwa na mitambo ya kampuni ya simu, kile kile nilichokuwa nakiogopa siku zote.

Mtu wa 58 aliitwa Cherono.

Cherotich alikuwa wa 61.

Nilikaa kama sekunde mbili tatu bila kufanya kitu. Kimeli ndiye aliyenishika bega.

"Usikae, kijana. Watu wako wapi? Nionyeshe watu."

Nikaprint orodha kuanzia 59 mpaka mwisho. Nikatoka nayo mpaka kituo cha chai, nikapanda juu ya mzani ule wa kupimia majani, nikapiga kelele. Sijui nilisema nini hasa. Najua nilisema sumu, na nilisema maji, na nilisema kosa ni langu.

Akina mama waliokuwa pale na magunia yao hawakuuliza maswali. Mmoja alinipokonya karatasi, akazigawanya.

"Wewe piga hawa, wewe hawa. Nani ana credit? Asiye na credit aende kwa miguu, nyumba za karibu!"

"Wewe Betty una miguu mirefu, shuka kule chini!"

"Na wewe una mdomo mrefu, simama kwa barabara upige kelele!"

Hata pale, watu walitaniana. Mimi sikuweza kucheka.

Nilimpigia Cherotich mara saba. Inaita, haipokelewi. Nani atasikia simu siku ya koito? Kwa wasiojua, koito ni siku familia ya kijana inakuja kwa kina msichana kuongea mambo ya ndoa. Wageni wanaweza kuwa hamsini, hata mia. Na kitu cha kwanza mgeni anapewa huku kwetu ni chai.

Otieno alikuwa pale na pikipiki yake. Alikuwa ameshaiwasha.

"Panda."

Tulishuka bonde lile katikati ya mashamba ya chai kwa njia ya wachumaji. Matope. Nilimshika kiuno kama mtoto. Njiani nilikuwa nawaona watu wamekaa chini ya hema, vikombe mkononi. Nikifumba macho nawaona, nikiyafungua nawaona.

"Otieno, wakifa nitafanya nini?"

"Nyamaza kwanza. Tufike."

Tulipofika, magari mawili ya wageni kutoka upande wa Sigor yalikuwa yameegeshwa nje ya ua. Hema lilikuwa limejaa. Wazee wa pande zote mbili wamekaa wakitazamana, na msichana mmoja alikuwa anapita na chupa ya chai, anamiminia wageni.

Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Nikaanguka. Nikainuka na matope mpaka usoni, nikakimbia katikati ya hema nikipiga kelele.

"Simamisheni! Simamisheni! Msiendelee!"

Wakuu, fikirieni. Kijana asiyealikwa, amejaa matope, anakimbia ndani ya koito akisema simamisheni.

Kila mtu alidhani nimekuja kupinga ndoa.

Mjomba wa bibi harusi, mtu mkubwa kama mlango, alinikamata shati. "Wewe ni wa nani? Ulikuwa wapi siku zote?"

Upande wa wageni mzee mmoja alisimama. "Kumbe msichana ana mtu?"

Mimi sina pumzi. Nataka kusema maji, inatoka hewa tu. Na macho yangu yako kwa mzee mmoja aliyekuwa ameinua kikombe na kukisimamisha karibu na mdomo ili aangalie vizuri hii sinema.

Otieno ndiye aliyefika nyuma yangu na kusema kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za kiwanda:

"Chai ina sumu! Wekeni vikombe chini! Chai ina sumu ya ng'ombe!"

Vikombe vilishuka. Vingine viliangushwa. Kumbe hakuna mgeni aliyekuwa amekunywa; ukitoa yule mzee mwenye haraka, walikuwa wanangojea wote wamiminiwe ndiyo waombe.

Lakini jikoni ni hadithi nyingine.

Cherotich alitoka jikoni akijifuta mikono. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu asiyenielewa, akachomoa simu kutoka mfuko wa aproni.

"Lakini ni nyinyi mlisema."

Akaufungua ujumbe na kuusoma kwa sauti, mbele ya wageni wote, kuanzia Bwana asifiwe. Alipofika kwa ile "na" ya mwisho akaendelea kutazama skrini kama sehemu iliyobaki ingetokea.

Kisha akasema, polepole, "Mimi nimeonja chai. Na Chemutai nimempa uji."

Chemutai ni mjukuu wake. Alikuwa na miaka minne.

Tulimpata nyuma ya jiko, amekaa chini ameegemea ukuta, mate yanamtoka, macho mazito. Bakuli la uji lilikuwa kando yake, tupu.

Nyanya yake alimbeba. Hakulia. Alisema tu, "Gari. Gari."

Wageni ndio walikuwa na magari. Yule mzee aliyeuliza kama msichana ana mtu ndiye aliyefungua mlango, akatoa watu wake nje na kuwaingiza wa nyumba ile. Watu sita walipelekwa hospitali: Chemutai, Cherotich, na wanawake wanne waliokuwa wakipika na kuonja. Mimi nilisimama nyuma ya gari la pili, pikapu, nikiwa nimeshika chuma, sikumbuki hata barabara.

Hospitalini walituambia dawa ilikuwa imechanganyika na maji mengi, na hilo lilisaidia. Cherotich na wale wanne waliangaliwa, wakaruhusiwa jioni. Chemutai walimweka. Alitapika, akawekewa maji ya mshipa, akalegea tena.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Akina mama wa kituo cha chai walinipigia simu moja moja: nyumba hii imepatikana, nyumba hii imemwaga, nyumba hii ng'ombe amekunywa lakini amesimama. Kila simu niliipokea nikitarajia jina la mtu aliyekufa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Chemutai aliamka na kuuliza kama keki ya wageni imekwisha.

Nilienda nyuma ya hospitali nikalia mpaka nikachoka.

Hakuna mtu aliyekufa. Narudia, kwa sababu najua mnangoja kusikia. Hakuna aliyekufa. Aliyeosha pampu ile ya mgongoni kwenye chemchemi hajulikani mpaka leo.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na mkutano wa wanachama. Nilienda na barua ya kujiuzulu mfukoni. Wazee wengine walitaka kompyuta iuzwe. Mwenyekiti alisimama kunitetea, na nia yake ilikuwa njema, lakini alisema hivi: "Tusilaumu salamu. Salamu ni heshima yetu. Hatuwezi kuacha kusalimia watu."

Cherotich alikuwa amekaa nyuma. Aliinua mkono.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na salamu. Siku ile mlinisalimia vizuri sana. Mlinisalimia mimi, mkasalimia na familia yangu, mkatubariki. Mlichobakisha ni kuniambia mtoto asinywe."

Mwenyekiti alikaa chini.

Kisha Cherotich akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeshaitoa barua mkononi. "Na wewe, weka hiyo barua yako mahali ilipokuwa. Umeiharibu, uitengeneze. Ukienda, nani mwingine anajua pale ndani kuna nini?"

Basi nikaitengeneza, na niwaambie nilichobadilisha, labda kitamsaidia mtu.

Programu haikati tena ujumbe. Ukizidi herufi, inakataa kutuma na kukuambia umezidi kwa ngapi. Kabla ya kutuma kwa watu, inatuma kwanza kwa simu yangu na ya Kimeli, na mpaka mmoja wetu ajibu NDIYO, haiendelei. Kimeli sasa anavaa miwani kazini. Kuna kitufe chekundu cha HATARI ambacho hakina salamu yoyote, na neno la kwanza lazima liwe lile mtu anatakiwa kufanya. Laini za SIM ni tatu. Na ukutani kuna orodha ya karatasi, imegawanywa kwa vijiji, kwa ajili ya siku ambayo mashine zote zitagoma.

Vijana mnaojifunza, msikate tamaa kwa sababu ya hadithi hii. Tengenezeni vitu. Kijiji kinahitaji watu kama nyinyi. Lakini mjue kwamba skrini ikisema "imetumwa", imekuambia habari za mashine yako tu. Haijakuambia mtu wa upande ule amesoma nini. Chukua simu ya kawaida, ile ya batani, ujitumie, usome kama mama aliye jikoni na wageni mlangoni.

Mimi hata leo, kidole kikifika kwa TUMA, kinasita. Nimekiacha kisite.

Nimemaliza, wakuu. Mwenye swali la code aulize, nitamjibu bila haraka hata kama ni swali la kuanzia. Mwenye kunikosoa anikosoe, nastahili. Na kama nawe umewahi kutengeneza kitu cha kusaidia watu kikakugeuka mkononi, tuambie hapa chini ilikuwaje, wengine wajifunze kabla hayajawapata.